Hawakuchukii, Mdogo Wangu

Mdogo wangu uliyeniandikia ukiwa umejifungia chumbani, ujumbe wako nimeusoma nikaurudia. Wewe ni binti wa Kilimatinde, unasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwezi huu wa Oktoba umekwenda Ujerumani kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Wiki haijaisha na tayari umeshahukumu: "Dada, hapa wananichukia." Na ushahidi umeupanga kama wakili. Wenzako wa hosteli wanapishana na wewe koridoni bila salamu. Ulisonga ugali ukawakaribisha, wakasema asante, wakaendelea kupaka siagi kwenye mkate wao. Jumapili ulikwenda kutupa chupa kwenye pipa la vioo, bibi mmoja akafungua dirisha akakufokea, nawe kwa malezi yako ukamwamkia shikamoo. Halafu lile lililokuliza kabisa: mlipoambiwa wageni mjitambulishe, ukasimama ukaeleza habari za Tanzania kwa sauti inayotetemeka, na ulipomaliza hawakupiga makofi. Waligonga meza kwa ngumi.

Tuanze na hiyo meza, maana nimeona umeiandika mara mbili.

Walikuwa wanakupongeza. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kijerumani akiridhika na mhadhara hapigi makofi, anakunja ngumi na kugonga meza kwa vifundo vya vidole. Profesa akimaliza kipindi wanamgongea. Mwenzao akimaliza kuwasilisha kazi yake wanamgongea. Ungekaa kimya ukasikiliza, pengine ungegundua kwamba walikugongea kwa muda mrefu kuliko aliyekutangulia, lakini wakati huo ulikuwa umeshainamisha kichwa. Hebu mchukue binti wa Kijerumani umlete Kilimatinde kwenye harusi, ambaye hajawahi kusikia vigelegele hata siku moja. Akina mama watakapopandisha sauti kwa pamoja, atageuka kutafuta nani amegongwa na nyoka.

Nikwambie ninachokiamini, na mengine yote nitakayoyasema leo yanatoka hapo. Kila watu wana heshima, ila hawaiweki mahali pamoja. Sisi tumeiweka kwenye kumfikia mtu: unamsalimia, unamuuliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, unamkaribisha chakula hata kama sufuria ni dogo. Wajerumani wameiweka kwenye kutomsumbua mtu. Wanakuachia nafasi yako, muda wako, kimya chako, mlango wako uliofungwa. Wewe umekaa chumbani unasubiri waje kukuheshimu kwa namna ya kwenu, nao wako nje wanakuheshimu kwa namna ya kwao, kwa bidii, kwa kutokugusa mlango wako. Ndiyo maana umeumia bila kupigwa.

Hali hii ina jina. Wataalamu wanaiita mshtuko wa utamaduni, na aliyeisambaza dhana hiyo ni mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, Mkanada mwenye asili ya Ufini, aliyeizungumzia katika hotuba mjini Rio de Janeiro mwaka 1954, na makala yake ikachapwa tena 1960. Mimi huyu mzee ananivutia kwa sababu moja: miaka mingi kabla ya hotuba hiyo alikuwa Uganda, kwa Wanyankole, akisoma habari za ufalme wao, wafugaji wa ng'ombe wenye pembe ndefu. Kwa hiyo alikuwa ameshaonja kuwa mgeni kwa watu wa upande wetu kabla hajaandika juu ya ugeni. Alisema kinachomchanganya mgeni ni kukosa vile vialama vidogovidogo vya kila siku: lini ushike mkono, lini ukatae kinywaji, neno lipi ni la kweli na lipi ni la adabu tu. Nyumbani huvioni kwa sababu umezaliwa navyo. Vikiondoka vyote kwa pamoja, akili inachoka, mwili unachoka, na mtu anaanza kuichukia nchi nzima kwa kosa la mkate mgumu.

Alisema pia kwamba wengi huanza na kipindi cha kupendezwa na kila kitu, kama fungate, ndipo kiza kinaingia. Wewe fungate yako imeishia uwanja wa ndege. Si ajabu. Wapo wanaopigwa picha kwenye theluji hadi Krismasi na kulia Februari. Wapo kama wewe wanaolia kwanza. Kwa maoni yangu nyie mnaolia mapema mna bahati, maana wakati mnalia ofisi ya wanafunzi wa kigeni bado inawakumbuka majina.

Sasa tuje kwenye salamu, hapo ndipo sisi watu wa Singida na Dodoma tunapoumia zaidi. Kwenu Kilimatinde mtu hapiti bila "Mbukwenyi", hata kama anawahi basi la Manyoni. Salamu inachukua muda kwa makusudi, na anayeikata katikati anaonekana ana ugomvi au ana kiburi. Umekulia hivyo, halafu umewekwa kwenye korido ambako mtu anakutazama machoni, anaachia kitabasamu cha nusu sekunde, anaingia jikoni. Lakini fanya uchunguzi mdogo kesho. Unapoingia kwenye duka dogo la mikate, sema salamu kwa sauti kwa wote. Utaitikiwa. Ukiingia chumba cha kusubiria kwa daktari, salimia chumba kizima; utashangaa watu wasiojuana kabisa wakiitikia, kisha wakirudi kwenye kimya chao. Ukiondoka, aga. Kwenye lifti vilevile. Salamu wanayo, ila ina vituo vyake, na barabarani si kituo. Kwenye basi ndiyo usijaribu kabisa kumuuliza mtu habari za watoto.

Na kabla hujawaita wakavu wa roho, wakumbuke wageni wa kwenu. Kilimatinde si kijiji kisichojua wageni. Misafara ya Bagamoyo na Tabora ilipita hapo ikipanda kutoka bonde la Bahi, Wajerumani hao hao wakajenga boma lao enzi za ukoloni, na tangu Waanglikana wa Australia walipoichukua kazi ya misheni ya Tanganyika ya Kati mwaka 1927, ukanda mzima umezoea kuona manesi, walimu na madaktari kutoka mbali. Ukikaa karibu na hospitali ya kanisa na chuo chake cha uuguzi, utakuwa umewaona wageni vijana wanaokuja na mabegi ya mgongoni. Siku za kwanza unamwona binti anaingia dukani, anauliza moja kwa moja, "Sabuni ipo?" Hajasalimia. Mwenye duka anamtazama. Sabuni anamuuzia, lakini akishatoka maneno yanabaki: huyu hana adabu, huyu kwao hawakumfunza. Maskini, yeye anaona amemheshimu mwenye duka kwa kutompotezea muda!

Jioni binti huyohuyo anarudi anapofikia, anataka akae peke yake dakika chache asome kitabu. Anaona aibu kusema. Watoto wamejaa mlangoni, mama mwenye nyumba anamwambia kula, ongeza, mbona umekula kidogo, mwingine ameketi naye kwa sababu mgeni haachwi peke yake. Mgeni analala amechoka kwa upendo. Ukimuuliza angesema kwamba hapati hewa. Wewe Ujerumani umepata hewa tele, na hewa hiyohiyo ndiyo inayokuliza. Natamani mngekutana mkapeana nusu nusu.

Ule ugali sasa. Hawakukataa ugali wako. Kwao mtu akikwambia "karibu" wakati anakula, wanachukulia ni neno la adabu, maana chakula cha mtu kimehesabiwa, kimenunuliwa kwa bajeti ya wiki, na kwenye friji kila mmoja ana rafu yake. Umeona hivyo vikaratasi vyenye majina kwenye maziwa na jibini? Hiyo si choyo kwao, ni mpaka wa shamba, na kunywa maziwa ya mwenzako bila kuuliza kutakuletea kesi kubwa kuliko unavyofikiri. Tena jioni wengi hawapiki. Wanakula mkate, jibini, tango, basi, na wanaridhika. Chakula cha moto walishakula mchana kantini. Ukitaka wale ugali wako, usiwakaribishe ukiwa umeshaushika mkononi. Waambie siku tatu kabla: Alhamisi saa moja jioni nitapika chakula cha kwetu, mnakaribishwa. Wataandika kwenye kalenda. Watakuja saa moja kamili, na pengine mmoja atakuja na chupa ya juisi mkononi. Hapo wape mlenda, na usiwaonee huruma. Ukiwa umeusuka vizuri, unavutika kama unavyotakiwa, waonyeshe namna ya kukata tonge na kulizungusha ili uzi ukatike. Nimewahi kukaa meza moja na vijana wa Kijerumani wanaojifunza kazi hiyo, kidevu kimoja baada ya kingine kinang'aa mlenda, wakacheka mpaka yule asiyesalimiaga koridoni akaomba tonge la pili. Tangu usiku ule akawa anasalimia.

Kalenda hiyo ndiyo mlango, mdogo wangu. Rafiki wa Kijerumani hapatikani kwa kupita tu nyumbani kwake na kupiga hodi. Anapatikana kwa miadi. Tunaona baridi, lakini ukishapewa miadi umepewa kitu cha thamani, kwa sababu mtu amekukatia kipande cha muda wake na hatampa mwingine hata akija mfalme. Ndiyo maana kuchelewa kunawakasirisha. Dakika ishirini zetu ni utangulizi, kwao umeiba. Hata hivyo kuna mtego mmoja kwenye ratiba ya chuo ambao huenda bado hawajakueleza. Ukiona saa imeandikwa na herufi c.t. pembeni, kipindi kinaanza robo saa baadaye, kwa hiyo 10 c.t. ni saa nne na robo asubuhi. Ukiona s.t., ni saa hiyohiyo kamili. Desturi hiyo ya robo saa ni ya zamani vyuoni kwao, na ni uthibitisho kwamba hata Mjerumani alitafuta namna ya kuchelewa kihalali. Na usiwaogope kama mashine zisizokosea: mwaka 2024 treni zao za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa kama 62 tu katika kila 100, na ukitaka Mjerumani asiyekujua aanze kuongea na wewe stesheni, ugua kwa sauti wakati wanatangaza kuchelewa kwa treni. Mtakuwa ndugu. Mwambie kwamba kwenu kuna treni ya umeme ya SGR inayotoka Dodoma kwenda Dar es Salaam tangu 2024, uone atakavyokodoa macho.

Yule bibi wa dirishani, sasa. Hakukufokea kwa rangi yako. Kwao Jumapili ni siku ya kimya, na mapumziko ya Jumapili yanalindwa hadi kwenye katiba yao. Maduka yanafungwa, huruhusiwi kutoboa ukuta kwa drili, na chupa ikidondoka kwenye pipa la vioo inasikika mtaa mzima. Angalia pipa lenyewe, saa za kutupa zimeandikwa. Na nikuongezee la faida: chupa za plastiki za soda na maji usizitupe kabisa. Nyingi zina amana ya senti 25 kila moja. Zirudishe kwenye mashine pale supamaketi, utapewa risiti, unaitumia kulipia. Ulivyonieleza umetupa mfuko mzima. Basi, uliwaachia wenye shida wanaookota, wamekuombea dua.

Mfumo wa taka zao, kwa kweli, unahitaji muhula wake. Karatasi pipa lake, vifungashio pipa lake, maganda ya viazi pipa lake. Muombe mwenzako mmoja akuonyeshe. Hili ndilo jambo ambalo watu huwa hawaniamini mpaka walijaribu: Mjerumani asiyekusalimia, ukimuuliza swali la kweli, ataacha anachofanya akueleze kuanzia mwanzo, na asipojua atatafuta, na kesho yake atakuletea karatasi amechapa. Hawezi kuja kukusaidia bila kuombwa, maana huko ni kukuingilia. Sisi tunaona kuomba ni aibu, tunasubiri mtu aone mwenyewe. Mnaweza kukaa hivyo muhula mzima, yeye anasubiri uombe, wewe unasubiri aone.

Lakini sikiliza, sitaki ushauri wangu ukugeuze kuwa mtu wa kusamehe kila kitu kwa jina la utamaduni. Kuna ukavu, halafu kuna ubaguzi, na vitu hivyo viwili havifanani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule aliyetuandikia desturi za Waswahili zikachapwa Ujerumani mwaka 1903, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Alikutana na wanafunzi waliokuwa tayari kujifunza lugha kwake lakini hawakuwa tayari kumheshimu mwalimu mweusi, na kazi hiyo akaiacha mwaka 1905. Alikuwa ameoa Mjerumani, Bertha Hilske, na mwaka huohuo walipopanda meli kurudi pwani kwao, serikali ya kikoloni iliwakataza kushuka pamoja kama mke na mume. Wakarudi Ujerumani, akafia hukohuko 1927. Hicho hakikuwa kimya cha koridoni, ilikuwa dhuluma. Kipimo changu ni hiki: kile ambacho wanafanyiana wao kwa wao, kama kutosalimiana na kukemeana kwa ajili ya chupa, kivumilie na ujifunze. Kile ambacho unafanyiwa wewe peke yako kwa ngozi yako, kama kukataliwa chumba, kuitwa jina, kusimamishwa wewe tu kati ya wote, hicho kiandike tarehe na mahali, mwambie mratibu wa wageni chuoni, na usikubali mtu akwambie umeelewa vibaya. Vyuo vyao vingi vina ofisi ya kupokea malalamiko ya namna hiyo. Itafute wiki hii, kabla hujaihitaji.

Upweke wenyewe una wahenga wake pia. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, alifika Hamburg mwaka 1867 kama mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani, jina jipya Emily Ruete, lugha hana, mume akiondoka kazini anabaki ndani. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu. Barua zake kuhusu maisha hayo zilichapwa baada ya kifo chake, zimejaa baridi, upweke na watu asiowaelewa. Simtaji ili nikutishe, wewe una tiketi ya kurudi Machi na una WhatsApp. Namtaja kwa sababu hata yeye, mzaliwa wa jumba la kifalme, shida yake ya kwanza ilikuwa kama yako: nani wa kuongea naye mchana.

Kuhusu hiyo WhatsApp, naomba tukubaliane. Mama yako Kilimatinde anakupenda, kwa hiyo ukimpigia usiku unalia atakwambia rudi. Ni haki yake. Halafu atakata simu, na atakaa macho hadi alfajiri, wakati wewe umeshapitiwa na usingizi. Mpigie mchana, ukiwa umekula, umuonyeshe dirisha na miti inayobadilika rangi. Kilio kilete kwangu, au kwa Mtanzania mwenzako aliyepo huko tangu mwaka jana. Yeye atakusikiliza na kukwambia pia ni duka gani linauza unga wa mahindi. Na kumbuka saa: sasa hivi mko nyuma yetu kwa saa moja, lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao wanarudisha saa zao nyuma, tofauti inakuwa saa mbili. Usije ukamwamsha baba.

Siku hiyo ya kurudisha saa ndiyo ya kujiandaa nayo. Kwenu jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima halina mambo mengi. Huko Desemba, mji kama Berlin, jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Mwili uliozaliwa kwenye jua la Singida utafikiri ni usiku na utaanza kuhuzunika bila sababu. Toka nje kila siku mchana hata kama ni mawingu, tembea, usisubiri jua litoke ndipo utoke. Ila tembea upande wa waenda kwa miguu, ile njia iliyochorwa baiskeli ni ya baiskeli, na hapo ndipo utasikia Wajerumani wakisalimia kwa kengele. Kama ikipita wiki kadhaa hulali, huli, hutaki kuona mtu, nenda kwenye ushauri nasaha wa wanafunzi. Vyuo vyao na mashirika ya huduma za wanafunzi wanao, hulipi, na hawaiambii familia.

Kanisani ulisema umekwenda na ukatoka umenyong'onyea zaidi. Nakuelewa. Umezoea kwaya inayotikisa mabati, ukakuta wazee wachache, kila mmoja benchi lake, kinanda kinalia peke yake juu. Jaribu tena, lakini baada ya ibada usikimbie. Makanisa mengi wanabaki kunywa kahawa, na wale wazee wachache ndio watu pekee katika mji huo wenye muda. Ukiwaambia unatoka Tanzania, usishangae mmoja akikutajia dayosisi au mji wa kwetu ambao usharika wake una undugu nao.

Wapo wasomaji wengine watakaosema Ujerumani si kwao, wao wanakwenda kwingine. Neno fupi kwao. Unayekwenda Muscat, mshtuko wako utakuwa wa namna nyingine kabisa: mzee amevaa kanzu na kofia, unajiandaa kwa Kiarabu, naye anakuuliza kwa Kiswahili cha Unguja umetoka wapi. Huko salamu ni ndefu kama zetu, na kahawa wataendelea kukumiminia mpaka utikise kikombe kuonyesha umetosheka. Wiki ya kazi inaanza Jumapili. Unayekwenda China, waambie wazazi kabla hujapanda ndege kwamba WhatsApp huko imezuiwa. Wiki ya kwanza ya kimya imewatia mama wengi presha bure. Wawekee WeChat kwenye simu ya mdogo wako mapema, mjaribu mkiwa bado sebuleni.

Na nyie mnaoondoka kwenda Ujerumani kwa muhula wa Aprili, mmeniuliza mbebe nini. Nyama kavu na samli hapana, hata kama bibi ameifunga vizuri kiasi gani: bidhaa za nyama na maziwa kutoka nje haziruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya, watazichukua forodhani mbele ya macho yenu. Unga wa uwele bebeni kidogo, ufungwe vizuri na uandikwe, kwa sababu wa mahindi mtaupata kwenye maduka ya Waafrika lakini wa uwele mtautafuta sana. Badilisheni fedha mkiwa bado Dodoma au Dar es Salaam, shilingi yetu huko hakuna atakayeipokea dirishani. Koti zito msinunue huko kwa bei ya dukani, tafuteni kwenye mitumba ya Dodoma, mtapata zuri la manyoya ndani kwa bei ya kuku wawili. Likaguliwe zipu na mifuko. Kuna uwezekano mkubwa lilitoka hukohuko, kwa hiyo njia litakuwa linaijua kuliko nyie.